Mguu Uliolala

Kwa Bochaberi, pale Keumbu barabarani, kahawa humiminwa tangu asubuhi na benchi halikosi watu. Siku hiyo alikuwapo Machogu, aitwaye Spika kwa kuwa hugawa zamu za kusema hata asipoombwa, na Anyona muuza dawa za ng'ombe, ambaye kijiwe kilikwisha kumpa cheo cha Daktari. Katikati yao alikaa Mogire, fundi wa paa, mguu mmoja ndani ya beseni. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi, kifundo kikavimba kama parachichi, na Benter muuza samaki akamletea barafu yake. Paa la Mama Lorna, alilokuwa akiliezeka, lilikuwa limebaki nusu wazi, na mawingu yalikuwa yakipanda kutoka upande wa ziwa.

— Sasa hiyo mguu inasemaje? Spika akauliza.

— Imenyamaza, mzee. Uchungu hakuna.

— Basi imepona! Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Panda haraka.

— Si kupona tu, Daktari akadakia. Barafu inakaza mishipa. Ng'ombe wa Gesima wanakaa kwa baridi. Umewahi ona moja ikianguka mlimani?

— Ng'ombe ako na miguu nne, Benter akasema.

— Fundi naye ako na mikono!

— Ngojeni, Spika akaamua. Baridi inashuka chini, mguu inakuwa nzito. Mtu mzito chini haanguki. Mogire akikaa hapo kidogo, atatembea juu ya waya ya stima.

Benter hakucheka.

— Mimi vidole vikikaa kwa barafu, kisu inanikata na sijui, mpaka nione damu.

— Hiyo ni vidole, Mama, Spika akasema. Sisi tunaongea mguu.

Mogire alicheka nao, lakini neno la Benter lilimkaa moyoni. Akautoa mguu, akaufuta, akasimama. Kweli, hauumi. Akainua ule mzima. Mwili ukayumba kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Akashika bega la Daktari, kahawa ikamwagika. Ikambidi autazame mguu ili ajue uko wapi. Maisha yake yote juu ya paa, macho yaliangalia msumari, miguu ikajiangalia yenyewe.

— Ni hii benchi imekusukuma, Spika akasema.

Hapo Mama Lorna akatokea, akihema. Wote walijua amekuja kumharakisha fundi. Akatazama mawingu, akatazama beseni, kisha akamtazama Mogire.

— Baba, ukiwa kule juu, utajuaje kama umekanyaga mbao ama hewa?



Mogire akaufungua mfuko wa misumari kiunoni, akauweka chini polepole.

— Sitajua, Mama. Nyumba yako italowa leo. Nisamehe.

— Nyumba hukauka, Mama Lorna akasema.

Spika ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kumsaidia Mama Lorna kutoa godoro lisilowe.