Miaka Thelathini na Minne ya Arvilla Tebbs katika Chumba cha Nguo Nyeupe

Ijumaa hii, tarehe 2 Oktoba 2009, saa kumi jioni, Dada Arvilla Tebbs anakabidhi funguo za chumba cha nguo cha hekalu letu la Tolliver, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na moja. Siku hizo nimezihesabu mimi mwenyewe, Maurine Stolworthy, niliyefanya kazi chini yake kwa miaka kumi na tisa. Rais wa hekalu, Ndugu Haycock, ameniomba ukurasa mmoja wa kumuaga katika jarida hili la wafanyakazi. Alitaka uwe mchangamfu, na useme kwamba dada yetu anastaafu kwa hiari yake ili apumzike. Huo uchangamfu nitajitahidi kuutafuta.

Arvilla alikuja Mei 1975, akiwa na miaka thelathini na mmoja, kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Ilikuwa iwe kazi ya kiangazi kimoja. Yule mama hakurudi, na Arvilla hakuondoka. Mumewe Lamar alifariki mwaka 1981, akazikwa Jumatano, na Ijumaa mkewe alikuwa amesimama mbele ya pasi akinyoosha suruali nyeupe za wanaume wengine. Mwaka 1992 alimzika binti yake wa pekee, akabaki na mjukuu wa miaka minne, Jenalee. Mtoto yule tulimlea kwa zamu, nyuma ya mashine za kufulia, katika chumba cha nje ambako hata wasio na kibali cha kuingia hekaluni wanaruhusiwa kukaa.

Kwa wafanyakazi wapya ambao bado wanauliza kazi ya chumba chetu ni ipi: kila anayeingia hekaluni huacha nguo zake kabatini na kuvaa nyeupe, mwenye ng'ombe elfu na asiye na hata kuku. Asiye na nguo zake huazima kwetu. Arvilla alikuwa akimtazama mtu mara moja tu mlangoni, kisha anarudi na gauni linalomkaa. Katika miaka kumi na tisa nimemwona akikosea mara mbili, na zote mbili alilaumu miwani.

Mwaka 1988 alikuja bwana harusi kutoka Idaho mwenye miguu ambayo hakuna kiatu cha hekalu kilichoweza kuimeza. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya nusu saa. Arvilla alichukua kitambaa cha meza, akampima kijana kwa kamba, akamshonea viatu vya kitambaa kwa dakika ishirini na tano. Yule kijana sasa ana watoto sita, na kila Krismasi huleta kadi aliyoitia sahihi ya neno moja tu, Miguu.

Tena kuna kisa cha Mzee Orvil, Mungu amrehemu, aliyemaliza ibada, akasahau kubadilisha nguo, akaendesha gari hadi kwa kinyozi katikati ya mji akiwa na suruali nyeupe na tai nyeupe. Arvilla alipoliona koti lake la kahawia bado liko kabatini, alipiga simu. "Mfunike shuka lako hadi shingoni," alimwambia kinyozi. "Usimwambie kitu. Mpunguze taratibu, nakuja." Akamvisha koti pale pale chini ya shuka. Mzee Orvil alikufa bila kujua.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Ninayo mengine kumi, lakini nikiyaandika yote nitakuwa nimeyatumia kama zulia la kufunikia uchafu, na Arvilla hakunifundisha kufagia hivyo.

Watu wa nje hudhani sisi Wamormoni hatujiulizi chochote kuhusu ibada zetu. Tunajiuliza sana, ila kwa sauti ndogo. Mwaka 1990, maneno fulani ya ibada yalipobadilishwa, watu walinong'ona kwenye maegesho ya magari kwa mwezi mzima. Meza yetu ya chakula cha mchana ilipata wataalamu wake. Rais Haycock, aliyekuwa bado ni mshauri tu, alishikilia kwamba kila neno na kila ishara vimetoka moja kwa moja katika hekalu la Sulemani. Mtunza bustani alisema hapana, vimetoka kwa Adamu, Sulemani naye alivikuta. Fundi wa umeme, aliyesoma chuo kikuu, alituambia kwamba ndugu zetu wa kwanza kule Nauvoo, mji wao wa mwanzo, walikuwa wanachama wa Frimasoni, na kwamba mengi yamefanana mno kuwa bahati. Siku hiyo hakuna aliyemaliza mkate wake.

Arvilla aliulizwa upande wake ni upi. "Mimi fundi cherehani," alisema. "Sijawahi kushona gauni kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Na hakuna bibi harusi aliyeniambia kwa hiyo gauni si lake. Mungu naye akitumia kitambaa kilichomo nyumbani, nyinyi kinawauma nini?" Kisha akamwambia fundi wa umeme apitishe chumvi. Nilimpenda sana siku ile. Nalisema hili kwa sababu ya yanayofuata.

Kila Julai 24 mji wetu huwakumbuka waliovuka nyanda kwa mikokoteni, na kila ukoo huleta urithi wake katika ukumbi wa kumbukumbu. Mwaka huu Arvilla alileta aproni ya ngozi ya kondoo, iliyochorwa bikari na rula ya pembe, zana za fundi mwashi. Ilikuwa ya Josiah Peck, babu wa babu yake. Chini yake alibandika karatasi kwa mwandiko wake ule wa mviringo: Josiah aliivaa katika chama cha Frimasoni, Nauvoo, mwaka 1842. Miaka mitatu baadaye aliingia hekaluni na kuandika katika shajara yake, "Mengine nilikuwa nayajua tayari. Mengine sikuwahi kuyaota, na nililia kama mtoto."

Ni hayo tu. Hakufichua lolote la ndani, maana hata mbele yangu, ambaye nayajua, hakuwahi kuyataja nje ya kuta. Aliandika kile mzee wake alichokiandika.

Mimi niliisoma karatasi ile nikiwa na sahani ya aiskrimu mkononi. Nikaona wageni wawili wanaipiga picha. Nikaibandua, nikaitia mfukoni, na Jumatatu niliitia katika bahasha ya chumba chetu, nikaiweka mezani kwa Rais Haycock. Nilijiambia nalilinda hekalu. Sasa nasema ukweli wote: nilikuwa na miaka hamsini na nane, nimekuwa namba mbili kwa miaka kumi na tisa, na nilipokuwa nikipanda ngazi kwenda ofisini sikuwa na huzuni hata kidogo.

Kibali cha Arvilla, ile kadi ndogo ambayo bila yake hakuna anayevuka dawati la mlangoni, kilikuwa kinaisha tarehe 31 Julai. Rais Haycock alimpigia simu askofu wake. Askofu, ambaye kama maaskofu wetu wote ana kazi yake ya kila siku, ni Trent Haws, muuza mabomba ya kumwagilia mashamba, kijana wa miaka thelathini na sita. Siku ya kwanza alipoingia hekaluni, ni Arvilla aliyemfunga tai, kwa sababu yeye mwenyewe ilikuwa imemshinda mara tatu. Askofu huyo alimwita Arvilla akampa barua ya kutia sahihi, isemayo kwamba maneno ya Josiah Peck si ya kweli na kwamba anajuta kuyaweka hadharani. Akitia sahihi, kibali kipo. Asipotia, hakipo, na asiye na kibali hafanyi kazi hekaluni.

Hakuna aliyekuwa akibishania kazi. Jambo lililokuwa mezani, na wote wawili walilijua, ni Jenalee. Alikuwa aunganishwe na mchumba wake, yaani wafunge ndoa ya milele, hapa hekaluni, tarehe 12 Septemba, na asiye na kibali haingii kuona ndoa, awe mzazi au bibi aliyemlea.

Arvilla mwenyewe alinisimulia mazungumzo yale, akikunja taulo.

"Dada Arvilla, ni sentensi moja tu," askofu alimwambia.

"Basi kama ni moja tu, iache."

"Sina uwezo huo. Fikiria Jenalee."

"Trent, mwanangu, sifikirii kitu kingine. Unataka niingie nyumba ya Bwana kwa kumwita babu yangu mwongo? Alilia mle ndani. Ameandika kwamba alilia. Nawe unataka niseme hakulia?"

Askofu aliinamisha kichwa, akasema ataliombea jambo hilo. Aliliombea Agosti nzima, na kibali hakikutoka.

Jenalee alitaka wafunge ndoa uani kwa bibi yake, kati ya waridi na tangi la maji, ili amwone. Lakini kwa utaratibu wetu anayefunga ndoa nje kwanza husubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa ndani. Arvilla alikataa. "Mama yako hakuunganishwa na baba yako," alimwambia mbele yangu. "Alisema atangoja mwaka. Mwaka ukazaa mwaka, nikamzika akiwa bado anangoja. Wewe utaingia."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nitakaa kwenye benchi. Najua kukaa."

Wiki moja kabla ya harusi aliniita stoo ya wanga na sabuni. Akaniomba nimvishe Jenalee na nikae kwenye kiti cha mama, kile kilicho karibu na madhabahu. Nikamwambia, "Arvilla, ni mimi niliyeipeleka ile karatasi."

"Najua. Haycock aliitoa mbele yangu, ndani ya bahasha ya chumba chetu."

"Sasa mbona unaniomba mimi?"

"Kwa sababu unafunga vifungo vya mgongoni bila kuvuta nywele," alisema. "Na una kibali."

Hakuwa ananisamehe. Naomba wasomaji wa jarida hili wasimpambe kwa hilo. Alikuwa na kazi ya kufanywa, akachagua mikono inayoruhusiwa kuifanya.

Basi tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, nilifunga vifungo ishirini na vitatu vya gauni alilolishona Arvilla, nikaketi kwenye kiti chake. Vyumba vile vina vioo viwili vinavyotazamana, ili maharusi wajione wakiendelea bila mwisho. Mimi nilijiona nyuma yao, nimekaa nilipokaa, mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Jenalee alipoulizwa alijibu kwa sauti safi, kisha akageuka kukitazama kiti. Alipoona ni mimi, alirudisha uso mbele haraka. Naweza kusahau mengi ya siku ile, hilo sitalisahau.

Nje, Arvilla alikuwa kwenye benchi na watoto wa wageni, akiwagawia peremende. Alinyanyuka aliponiona.

"Mabega yalikaa?" aliuliza.

"Yalikaa."

"Na pale kiunoni hapakufanya mkunjo?"

"Hapana."

"Vizuri." Akaketi tena, akaupapasa mfuko wa peremende, na uso wake ukawa wa mtu mzee. Sikuwa nimewahi kumwona mzee kabla ya hapo.

Kwa hiyo dada yetu hastaafu kwa hiari, na hapumziki. Amekuwa akija tangu Agosti kufulia chumba cha nje tu, kwa ruhusa ya muda, na ruhusa hiyo inaisha Ijumaa. Jarida hili nalichapa mimi na kulitoa nakala mimi, kwa hiyo ukurasa huu hautapita mezani kwa mtu. Tafrija itakuwa saa saba mchana katika jumba la kanisa, hapo upande wa pili wa barabara. Kutakuwa na viazi vya jibini, nyama baridi, na jeli ya kijani yenye karoti kama Rais Haycock alivyotaka nitaje.

Dada Arvilla, kwa kila gauni lililomkaa mtu aliyeingia akiwa na woga, kwa maelfu ya wafu ambao watu waliovaa vizuri kwa mikono yako walibatizwa kwa niaba yao, asante. Tunakuombea magoti yasiyouma, waridi zisizoliwa na paa, vitukuu wengi, na miaka mirefu ya amani ambayo sisi hatukukupa.

Kuanzia Jumatatu funguo za chumba cha nguo ni zangu. Nimekubali. Kibali changu kinaisha mwezi Machi, nami nitakaa mbele ya askofu kama kila mtu, na kati ya maswali yake ataniuliza kama mimi ni mkweli katika mambo yangu yote na wenzangu. Miaka yote nimejibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Safari hii sijui nitasema nini, na nikisema ndiyo, Arvilla, askofu atanipa kadi.