Mpira Ulisogea Chini ya Mkono Wangu

Dada zangu, na hao kaka wachache mlioketi karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, nawasalimu. Mama Neema amenipa dakika kumi. Nitajaribu. Tena ameniambia kwamba kwenye kikundi hiki hatutaji majina ya watu waliotukosea. Hapo, Mama, nisamehe mapema. Mimi nilitajwa bila kuulizwa, na leo nitataja.

Naitwa Wanja. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie. Kazi yangu ni kedi. Wengi wenu mnafanya kazi hospitali ya pale Westmead ama mnatunza wazee, na kedi hamumjui, wacha niwaambie. Gofu ni kupiga kampira kadogo kama ndimu, kwa fimbo, mpaka kaingie kwenye shimo. Mashimo ni kumi na nane. Aliyepiga mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kedi ndiye anayebeba begi la fimbo, anapima umbali, anasikiliza upepo, anamwambia mchezaji piga na hii, wacha ile. Wakishinda, ameshinda mchezaji. Wakishindwa, ni makosa ya kedi.

Na kuna sheria moja muishike, kwa sababu ndiyo iliyonivunja na ndiyo iliyoniinua. Mpira unapigwa pale ulipolala. Wewe ama kedi wako mkiusogeza, mnaongezewa pigo moja la adhabu.

Nyumbani Kenya nilibeba mabegi miaka ishirini na moja, kwenye klabu moja ya huko juu kwenye baridi. Mtu niliyembebea zaidi aliitwa Gachanja. Tajiri, mcheshi, mzee wa kanisa. Siku ya kombe la wanachama mpira wake uliingia kwenye nyasi ndefu ukazama. Gachanja akaangalia huku na huku, akaniambia taratibu, "Wanja, hapo si mguu wako ungetosha?"

Makedi wote wa nyumbani wanaelewa lugha hiyo. Ukikataa, kesho yake hupewi begi. Nikausukuma kwa ncha ya kiatu. Nawaambia ukweli ndugu zangu, niliusukuma. Mpinzani wake akaona, akapiga kelele. Na Gachanja, bila hata kumeza mate, akasema, "Huyu mama nimemwonya mara ngapi?"

Njuguna, msimamizi wa makedi, alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Alisikia kila neno. Wakamuuliza, "Njuguna, ilikuwaje?" Njuguna akaangalia viatu vyake kama amevinunua jana. "Mimi sikuona kitu," akasema. Jioni hiyo jina langu likabandikwa kwenye ubao wa makedi: amefukuzwa kwa udanganyifu. Likakaa hapo mvua na jua. Hakuna klabu nyingine iliyonipokea.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye alinileta hapa Sydney, mimi na binti yangu. Nikajifunza kutunza wazee, nikapata kazi, nikapata kanisa. Nikasema sasa nimevuka. Halafu akaja Milka. Milka wa kwetu, kutoka mji ule ule. Mwezi wa kwanza tu, akina mama wakiwa jikoni mwa kanisa wanamenya viazi, akacheka akasema, "Wanja! Si huyu ndiye yule kedi mwizi?" Kwa utani. Utani wa Milka una meno. Kufikia Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeondolewa kwenye zamu ya kukusanya sadaka. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Walinipa tu kazi ya kupanga viti.

Ndiyo nikaanza divai ya boksi. Kikombe kimoja, kisha chupa ya chai nzima imejaa divai, naenda nayo kazini. Hiyo nayo nitaisema vile ilivyokuwa. Asubuhi moja nilimkalisha mzee mmoja kwenye kiti cha bafuni, nikampaka sabuni kichwani, nikaenda kuleta taulo. Nikaketi kidogo. Nikalala. Alipopatikana alikuwa amekaa karibu saa nzima na povu limemkaukia kwenye nywele, anatetemeka, anaita jina la mkewe aliyekufa. Walinifukuza, na walifanya vizuri. Hapo sina wa kumtaja isipokuwa mimi.

Nilijifungia nyumbani majuma mengi. Mama Neema, huyu mnayemwona hapa anajifanya anapanga vikombe, alikuwa jirani wa dada yangu. Alikuja, hakubisha hodi.

"Weye Wanja, unalala mpaka jua linachoka? Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Cabramatta, sokoni. Nataka kubeba majani ya muhogo, na mgongo wangu hautaki. Weye si ulikuwa unabebaka mizigo ya watu?"

Nikabeba. Juma lililofuata akaja tena. Hakuniombea kwa sauti, hakunihubiria. Alinibebesha mihogo, samaki, magunia ya mchele, mpaka siku moja nikagundua nimefika jioni sijakunywa. Ndipo akaniambia mahali anapofanya usafi, kwenye uwanja wa gofu huku magharibi, wanatafuta mtu wa kuosha vile vigari vinavyobeba wachezaji na kusawazisha mashimo ya mchanga.

Nikakataa. Nikamwambia, "Gofu siirudii, hata kwa dawa."

"Sikusema ucheze. Nilisema uoshe."

Asubuhi ya kwanza nilishuka kwenye uwanja na reki mkononi, nikatazama chini, nikapiga magoti. Sikuwa naomba. Nilikuwa naangalia nyasi. Ilikuwa nyasi ya Kikuyu! Ile yetu ya nyumbani, nene, inayotambaa kama inatafuta kitu ilichopoteza. Iliingizwa nchi hii zamani sana, na wanaiita kwa jina hilo hilo. Nyasi yenyewe imepata makazi, hakuna anayeiuliza ilifanya nini ilikotoka.

Kando ya uwanja kulikuwa na msichana anafanya mazoezi, anaitwa Tegan. Mchezaji wa kulipwa, lakini wa mkiani. Kedi wake alikuwa amemwacha akaenda kwa mwenye jina kubwa. Anapiga mpira kutoka kwenye ile nyasi, mpira unatoka umepinda kama ndizi. Anapiga tena, anatukana. Nilivumilia siku tatu. Ya nne mdomo ukanitoka.

"Unaupiga kama unakata keki."

"Samahani?"

"Nyasi hii hukati. Inashika shingo ya fimbo inaigeuza. Shuka kutoka juu, kama jembe kwenye nduma."

"Nduma ni nini?"

"Wewe piga tu." Nduma, yaani magimbi, ningemweleza saa ngapi?

Akapiga. Mpira ukaruka juu ukaenda umenyooka. Akageuka akanitazama na ovaroli yangu imelowa maji. "Wewe umetoka wapi?"

"Mahali nyasi imetoka."

Miezi miwili baadaye alipata nafasi kwenye yale mashindano makubwa ya wanawake wa kulipwa, siku nne, hapa hapa Sydney, nyasi ni hiyo hiyo. Akaniomba nimbebee begi. Kabla sijaligusa nikamwambia habari yote ya Gachanja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kweli uliusukuma?"

"Niliusukuma."

"Wangu ungeusukuma?"

"Hapana."

"Basi beba."

Ndugu zangu, siku tatu tulicheza hakuna anayetujua. Siku ya nne, tukifika shimo la mwisho, Tegan alikuwa juu ya wote. Mapigo mawili mbele ya msichana wa Korea aliyekuwa anacheza naye. Nusu ya hapa mlikuwa mnatazama kwenye simu, najua, mliniambia. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kamba.

Tegan akapiga. Mpira ukaenda kulia, chini ya mikaratusi, kwenye nyasi ndefu. Yule wa Korea akaupiga wake katikati kabisa. Tukaukuta wetu umelala ndani, na juu ya nyasi, karibu yake, limelala ganda refu la mti. Ganda unaruhusiwa kuliondoa. Tegan alikuwa anaangalia umbali. Nikainama, nikaliinua polepole kama ninatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Mpira ukasogea.

Upana wa ukucha. Ulishuka kidogo ukatulia. Nikainua macho. Tegan ananipa mgongo. Watu wako mbali. Kamera iko kwa mwenzetu. Nikasikia, ninyi mnaojua mnanielewa, nikasikia sauti ya Gachanja kama yuko begani: hapo si mguu wako ungetosha? Kunyamaza tu. Safari hii hata mguu haukuhitajika.

Na nikawaza pia: nikisema, tukashindwa, Milka atasema nini? Nikinyamaza, tukashinda, atasema nini? Nikaona Milka ana maneno kwa njia zote mbili.

"Tegan," nikasema, "mpira umesogea. Ni mkono wangu."

Alifumba macho. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Wanja. Una uhakika kabisa?"

"Umesogea."

Akapumua. Kisha akainua mkono mwenyewe akamwita mwamuzi. Akaja mzee mmoja wa kofia pana. "Nani ameuona?" "Mimi," nikasema. "Na nani mwingine?" "Hakuna mwingine." Akaandika. Pigo moja la adhabu, mpira urudishwe ulipokuwa. Sasa tuko mbele kwa pigo moja tu, na tuko ndani ya nyasi.

Tegan alikuwa amekasirika mpaka masikio mekundu. "Nipe fimbo ndefu. Naupeleka mpaka karibu na shimo."

Nikashika begi. "Hapana. Chukua fupi, uutoe tu kando."

"Umenipotezea pigo, sasa unataka kunipotezea kombe?"

"Pigo nimekupotezea, ni kweli. Lakini nyasi hii naijua, na itaigeuza hiyo fimbo ndefu. Mpira utaenda kwenye bwawa lile la mbele. Nimekwambia ukweli sasa hivi ukakuuma. Huu nao ni ukweli."

Mlinitazama mkadhani tunanong'ona. Hatukuwa tunanong'ona, tulikuwa tunagombana. Alinitazama mimi, akaitazama nyasi. Akanyoosha mkono akachukua fupi.

Akashuka kutoka juu, jembe kwenye nduma. Mpira ukatoka kando, salama, pale kwenye nyasi fupi. Nikasikia watu nyuma ya kamba wakiguna, wanadhani ameogopa. Pigo lililofuata akauweka kwenye uwanja mdogo wa shimo, hatua tatu kutoka shimoni. Yule wa Korea akamaliza vizuri, hatuna tena pigo la kupoteza. Sasa tukiingiza, kombe letu. Tukikosa, tunalingana, na wawili hao wanarudia.

Nilizunguka shimo mara mbili. "Kulia, upana wa mpira mmoja. Utarudi wenyewe."

"Una uhakika?"

"Mara ya mwisho uliponiuliza hivyo nilikuwa na uhakika au sikuwa?"

Akacheka. Katikati ya watu wote hao, akacheka, akapiga. Mpira ukaenda kulia, ukarudi, ukazunguka mdomo wa shimo kama mgeni anayefikiria aingie au asiingie. Ukaingia.

Sijui nilifanya nini. Binti yangu anasema nilikaa chini kwenye begi nikalia. Waandishi walipomuuliza Tegan ni pigo lipi lilimpa kombe, hakutaja lile la mwisho. Alisema, "Lile ambalo kedi wangu aliniongezea. Tangu hapo nilijua kila anachoniambia ni kweli."

Mama Neema, asante. Ulinibebesha mizigo mpaka nikasimama. Dada yangu, asante kwa kitanda na kwa kutonifukuza, ingawa ulitaka mara mbili. Tegan hayuko hapa na Kiswahili hajui, lakini Mungu anamjua. Mzee niliyemwacha bafuni alifariki mwaka jana. Nilienda kwa mtoto wake nikamwambia ni mimi. Hakunisamehe. Nilimshukuru kwa kunisikiliza.

Milka amenitumia ujumbe, hongera dada yetu, na mioyo mitano. Sijajibu. Gachanja nasikia bado ni mzee wa kanisa, na Njuguna bado haoni kitu. Msiniambie niwasamehe leo. Ninajaribu, lakini msinisukume.

Ninyi mlio hapa kwa sababu ya chupa, ama kwa jambo lingine ambalo mko nalo peke yenu, somo langu ni dogo. Nimeisoma ile sheria upya, nikisaidiwa na binti yangu, neno kwa neno. Inasema ukisogeza mpira, sema. Urudishe mahali pake. Ubebe pigo lako moja. Kisha piga. Nimeitafuta mpaka mwisho wa ukurasa, na hakuna mahali imesema uondoke uwanjani.