Maturubai ya Mkutano Mkuu

Katika basi la Nduguti kwenda Singida mjini, Ritha alijifanya kusinzia ili asikie vizuri.

"Shikamoo mama. Unakuja kwenye mkutano mkuu?" jamaa mwenye fulana ya chama alimuuliza mama aliyekaa naye.

"Marahaba. Nakuja kumzika dada yangu. Wafiwa wanakaa juani, maturubai yote ya mjini mmeyakodi nyinyi."

"Pole sana, mama. Lakini wageni ni wengi, mji lazima upendeze."

Umependeza kweli, Ritha aliwaza, akichungulia dirishani kwa jicho moja. Hata mawe ya barabarani yamepakwa chokaa.

Basi likasimama karibu na uwanja. Maturubai meupe yalitanda kote, na viti vitupu chini yake.

"Wageni wenyewe wanafika lini?"

"Keshokutwa, mama."

"Dada yangu tunamzika leo," mama alisema, akajitanda khanga kichwani, akashuka juani.