Milembe Mboje, Sauti ya Shujaa Kachelewa

Mama Milembe Mboje anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, baada ya kuitumikia Bujiku Kebo, kituo cha televisheni ya waya cha hapa Bariadi, kwa miaka ishirini na minane. Aliingia kazini tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, anatoka tukiwa Simiyu. Kamati ya sherehe imenitaka niandike wasifu wa kuchangamsha, kwa kuwa mama mwenyewe hapendi maombolezo. Nimejitahidi. Mahali nitakaposhindwa mnisamehe, maana huyu si mtu wa kumuaga huku umekenua meno.

Alizaliwa Lagangabilili kwenye familia ya wakulima wa pamba, akasoma hadi kidato cha nne, akaja mjini alipoolewa. Mzee Bujiku, mwenye kituo, alimwajiri asome matangazo: vifo, mikutano ya ushirika, ng'ombe waliopotea. Aliyasoma vizuri kupita kiasi. Kuna mzee wa Binza ambaye ng'ombe wake alikwishapatikana, lakini alirudi ofisini kuomba tangazo lisomwe tena, kwa sababu hajawahi kusikia ng'ombe wake akisifiwa namna ile.

Kazi iliyomjengea jina ilianza kwa kanda za bure. Padri mmoja Mzungu, alipokuwa anarudi kwao, alituachia sanduku la kanda za video zenye katuni za zamani, rangi zimefifia. Shujaa wa katuni hizo alikuwa jibaba lenye kitambi, limevaa chupi juu ya suruali na shuka jekundu mgongoni. Waliozichora walikuwa wanawacheka wale mashujaa wenye misuli wanaopaa angani na kuokoa miji. Huyu wao akipaa anashikwa na kizunguzungu, shuka linanasa mlangoni, na akifika anakuta watu wameshajiokoa wenyewe. Jina lake la Kizungu hatukulishika. Mama Milembe alimwita Shujaa Kachelewa, na jina likamkaa.

Watoto wa Bariadi wa wakati ule Kiingereza walikuwa hawakijui, na Kiswahili chenyewe wengi walikikuta shuleni. Basi kila Jumamosi saa nne asubuhi Method, fundi wetu wa mitambo, alizima sauti ya kanda, naye mama akakaa mbele ya maiki akiwasemea wote: shujaa, mkewe, wezi, hadi mbwa. Hakuandika chochote. Alitafsiri juu kwa juu, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, na pale Kiingereza kilipompita alitunga, tena hapo ndipo alipokuwa mtamu zaidi.

Kuanza kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Maiki ilikuwa imeshafunguliwa, kwa hiyo mama hakuweza kumwambia Method awashe deki bila mji mzima kusikia. Alichofanya ni kugonga meza kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo. Mlio ule ulisikika majumbani vilevile, na watoto wakaufanya kengele yao. Ukisikia ngo ngo unaacha ndoo kisimani, unaacha ndama, unakimbilia televisheni ya chogo ya jirani.

Halafu shujaa anapiga teke mlango, shuka linanasa, anasalimu na kuuliza kwa sauti nzito ya mgambo aliyeshiba: "Mwangaluka! Nani anaonewa hapa?" Waliokuwa wanaonewa wanamjibu, sahani ya viazi vitamu vilivyokaushwa mkononi: "Tumeshamaliza, baba. Kaa ule michembe." Kila Jumamosi maneno yalikuwa yale yale, na kila Jumamosi watu walicheka upya. Mpaka leo mtu akichelewa msibani hapa kwetu anaulizwa kama shuka lake lilinasa. Kuna diwani mmoja, jina namhifadhia, aliwahi kukaribishwa michembe na mkutano mzima wa hadhara.

Adui wa Kachelewa kwenye kanda ni profesa mwenye kipara anayetaka kuitawala dunia. Mama aliona dunia ni mbali mno. Akamfanya mnunuzi wa pamba mwenye mizani mbovu, na hapo watoto wa wakulima wakamchukia kwelikweli. Mnunuzi mmoja wa pamba, mwenye kipara chake halali, alikuja ofisini kulalamika. Mama alimpa chai, akamsikiliza, akamwomba radhi. Jumamosi iliyofuata mizani ya yule mwovu ilikuwa safi kabisa, ila alikuwa anaiba kuku.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Mwaka juzi, msimu wa kuvuna pamba, sauti ya mama ilianza kukwaruza. Yeye alisema ni vumbi, akawa anakunywa tangawizi na asali. Watazamaji wao walisema Kachelewa sasa ameiva. Simu zilipigwa kutoka Lamadi kuisifia sauti mpya, na watoto mitaani wakakwaruza koo zao wakimwiga. Sifa zile zilimpendeza, akawa anaikoleza. Nyanjige, jirani yake, ndiye pekee aliyegoma kucheka. "Mayu, hiyo si katuni, hilo ni koo linaumwa," alimwambia, akamshika mkono hadi hospitali, na kutoka hapo wakapelekwa Mwanza. Ilikuwa saratani. Madaktari walisema mwenyewe watamwokoa, lakini kikoromeo lazima kiondolewe, na sauti iende nacho.

Aliwaomba wamwachie Jumamosi moja. Alirudi Bariadi, hakutuambia neno, akagonga meza, akaisema katuni yake mwanzo hadi mwisho, akanywa maji, akatuaga kama siku zote. Tulipopata habari, upasuaji ulikuwa umeshafanyika. Ndipo tulipogundua kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumrekodi. Hatukuwa na desturi hiyo. Kanda zilikuwa na picha, na sauti ilikuwa ikija kila Jumamosi kwa miguu yake kutoka nyumbani kwake, imebeba mwavuli.

Amepona, na Mungu tunamshukuru. Anapumua kwa tundu la shingoni analolifunika kwa kitambaa cha kitenge. Alirudi kazini akapanga vipindi na kutunza kanda, akituelekeza kwa mikono na kwa kutukazia macho, na wavivu tuliyaelewa macho hayo bila mkalimani. Nilidhani ameshaizoea hali yake. Lakini Desemba iliyopita binti yake, Violeth, alijifungua mtoto wa kike, Scola. Mama alipewa mjukuu mikononi, akafungua mdomo amwimbie, akaufunga. Baadaye akamwandikia bintiye kwenye kile kisimu chake cha kitochi: "Huyu hatajua nilikuwa nasemaje." Violeth anasema hajawahi kumwona mama yake akilia kabla ya siku ile.

Tulitoa tangazo kwamba yeyote mwenye sauti ya Mama Milembe, popote alipoihifadhi, atuletee. Watu walitafuta kweli. Ikaja video moja tu ya simu, kutoka Lamadi, watoto wamejazana mbele ya televisheni. Wanacheka kwa nguvu hadi maneno hayashikiki. Kinachosikika vizuri ni mwanzo wake: ngo, ngo. Mama aliitazama mara moja, akamrudishia mwenye simu, akaenda kukaa nje. Iliuma, na bado inauma.

Kwa siku ya kuagwa hakutaka hotuba. Alitaka Kachelewa mmoja wa mwisho. Nancy, mtangazaji wetu kijana, alipangiwa kumsemea, akakataa katakata. "Mimi niseme, halafu mama ameketi pale ananitazama? Siwezi jamani." Hatukuwa na mtu mwingine, tukakwama.

Jumamosi iliyopita Method alikuwa anaijaribu kanda ya siku ya kuaga kama bado inacheza, akidhani ameshaikata laini ya kwenda majumbani. Kwa mazoea ya Jumamosi za mama alizima sauti, akagonga meza mwenyewe, akawasha deki. Laini ilikuwa wazi, na maiki pia. Katuni ikaenda mji mzima, bubu.

Mama alikuwa sokoni na Nyanjige, kwenye bucha la Thomasi, ambako televisheni haizimwi. Nyanjige ndiye aliyetusimulia. Mlio uliposikika watu wote waligeuka. Shujaa akapiga teke mlango, shuka likanasa, kimya. Basi Thomasi, na ndevu zake zote na utu uzima wake, kisu mkononi, akakwaruza koo: "Mwangaluka! Nani anaonewa hapa?" Foleni nzima ikajibu, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na wateja wake wenye povu kichwani: "Tumeshamaliza, baba. Kaa ule michembe." Wakaendelea hivyo hadi kanda ikaisha, wakisahihishana kila mmoja wao alipokosea neno la mama. Wote walikuwa watoto wake wa Jumamosi.

"Ni yeye kabisa," Nyanjige anasema. "Ile ya kupandisha sauti pale mwisho, wewe, ile ile. Namgeukia mwenzangu, mabega yanacheka, machozi yanashuka, sauti haitoki. Na mimi nikaanza kulia kwenye nyama za watu."

Violeth alipopewa habari hizi alituambia kwamba Scola hamezi uji mpaka Kachelewa amkaribishe. Amekuwa akimlisha kwa sauti ile tangu mtoto aanze kula, bila hata kuwaza anaiga nani. Mama aliposikia alimchukua mjukuu, akamweka kifuani, akakaa naye hivyo mchana kutwa.

Mama Milembe, Mzee Bujiku na sisi wote tuliofanya kazi chini ya macho yako tunakushukuru. Umewacheka mashujaa kwa niaba ya watu ambao hakuna shujaa aliyewahi kufika kwao kwa wakati, na ukawafundisha watoto wao kujiokoa na kumkaribisha mgeni chakula. Tutakukosa, tena sana. Nenda nyumbani ukapumzike, ulee mjukuu, Jumamosi ikukute huna haraka yoyote. Maisha yawe mema kwako kama ulivyoyafanya yetu. Asante sana, mama. Wabeja, mayu.

Sherehe ni Jumamosi hii, tarehe 27, saa nne asubuhi. Kiti chako kitakuwa mahali pake, maiki mbele yako, Method kwenye deki. Sauti ya kanda itazimwa kama kawaida, na madirisha ya ofisi tutayaacha wazi upande wa sokoni. Wewe gonga meza tu. Kusema tutasema sisi.

Mihayo Mwandu
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako