Mche wa Ishirini na Saba

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu wa darasa la jioni hapa Nguvumali, chekeni, ila mnisikilize. Niliwahi kuamini kwamba miche ya mdalasini kule milimani, njia ya Amani, hutembea. Inang'oka, inafuata kivuli, inajipanda upya! Niliyasikia barazani Chumbageni, nikayasadiki kuliko aliyeyasema.

Nilikuwa kibarua wa miche. Kitalu changu cha kwanza kilikuwa na safu za miche kumi kumi. Nikahamishiwa kitalu cha juu, na bwana miti akanipa kikaratasi: "Anza pembe ya bomba, hesabu safu baada ya safu. Mche wa ishirini na saba unaumwa. Ng'oa." Mimi msomi bwana! Nikaruka safu mbili, ishirini hizo. Nikahesabu saba, nikang'oa.

Kesho yake bwana miti alifoka hadi nyani wakahamia Muheza. "Mgonjwa yupo, umeua mzima!"

Ndugu zangu, nawaambia, sikujishuku hata chembe. Nilimshuku mzee mmoja wa Kibondei, mwenzangu wa kazi. Hakujua kusoma, lakini kutwa alipita kwenye miche akinong'ona. Nikasema, huyu ndiye anayeihamisha. Nikamwaga majivu nizione nyayo za mche. Nikakuta nyayo zangu. Nazo nikazishuku!

Kikaja kikaratasi cha pili, nikaua mzima mwingine. Nikamnyooshea mzee kidole mbele ya watu: "Ni huyu, anairoga!" Bwana miti akasema, "Mmoja wenu kesho anaondoka." Mzee alikuwa na wajukuu watano nyumbani kwake. Nilijua, na bado sikushusha kidole.

Yeye hakunitukana. Alinishika mkono mpaka pembe ya bomba, akaniambia maneno machache. Nilitoka pale mbio, nikakiri kosa langu mbele ya vibarua wote, jasho likinitoka la kumwagilia shamba zima. Sote wawili tukabaki kazini. Namshukuru bwana miti aliyenisikiliza mara ya pili, na vibarua walionicheka mwezi mmoja tu. Nanyi, mkipewa namba, ulizeni kwanza safu ina ngapi, kabla hamjamshuku mtu.

Na mzee yule, Mungu amzidishie, maneno yake ndiyo haya:

"Hesabu safu hii, mwanangu."

"Kumi... kumi na moja... kumi na mbili."

"Basi. Mimi hunong'ona nikihesabu. Mche hauna miguu; wewe umekuja na kumi zako za kitalu cha chini."