Bi Saleha na Sinki la Chumba cha Watoto

Wasifu huu umeandikwa na Ruthi, mama Eliudi, wa chumba cha kufulia, kwa niaba ya wafanyakazi

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1958, Bi Saleha binti Uweso anastaafu kazi ya kuosha vyombo na usafi katika Nyumba ya Wageni ya Minazini, hapa Tanga, baada ya kuitumikia miaka ishirini na mmoja. Alianza kazi akiwa na meno yote na maneno machache. Leo hesabu imegeuka. Sentensi hiyo ameisikia mwenyewe na kuikubali, kwa hiyo asilaumiwe mwandishi.

Bi Saleha alizaliwa Mkwaja, akaolewa Pangani, akafika mjini na mumewe, marehemu Mjaka, aliyekuwa akipakia mizigo bandarini. Mwaka 1937 aliajiriwa aoshe sahani tu. Siku ya kwanza alivunja birika la chai, na alipoulizwa akajibu kwamba birika lilikuwa limechoka na yeye amelisaidia kupumzika. Hakufukuzwa. Walioshuhudia wanasema msimamizi wa siku zile alitoka nje akacheka, akarudi amekunja uso.

Wakati wa vita, sabuni ilipoadimika, alisugua masufuria kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka wageni wakayatumia kama vioo. Wasichana wote waliopita jikoni amewafunza yeye: glasi kwanza, sufuria mwisho, na mdomo usisimame katikati.

Lakini jina lake mjini halikutokana na sahani. Limetokana na mpira wa kuzibulia sinki. Kifaa hicho, yaani kikombe cha mpira mweusi chenye mpini wa mti, kililetwa mwaka 1949 bila maelezo yoyote. Kikatundikwa ukutani. Mpishi wetu, Bwana Manase, alidhani ni cha kupigia muhuri mikate, na ukweli ni kwamba mikate miwili ilipigwa. Bi Saleha ndiye aliyekitia majini kwanza, akabonyeza, akavuta, sinki likapiga mbweu kama mzee aliyeshiba pilau, na maji yakaenda zao. Alipiga kigelegele wageni wakatoka vyumbani.

Tangu siku hiyo hapana sinki lililomkaidi. Aliitwa mpaka Ngamiani, na malipo yake yalikuwa maandazi na kusikilizwa. Somo lake tunalijua kwa moyo. Usilikaushe sinki, acha maji yafunike midomo ya mpira. Bonyeza mara ya kwanza taratibu, pumzi itoke. Kisha twanga! Twanga wima, usilegee, wala usiinue mpira ukachungulia kila mara, maana anayefunua chungu kila mara halali ameshiba.

Hata hivyo wasifu wa kusifu tu haunogi. Bi Saleha aliwahi kushindwa, tena mbele za watu, na jambo lenyewe lilitugusa sisi wengine pabaya.

Nyuma ya jiko kuna chumba kidogo kilichokuwa stoo ya viazi. Humo ndimo sisi akina mama tunamolaza watoto wachanga tunapokuwa kazini. Kuna mikeka, kuna kamba ya kuanikia mawinda ya watoto, na kuna sinki. Ng'ambo ya ukuta huo kuna chumba cha kulia, na hapo ukutani kuna beseni la wageni kunawia mikono. Mwaka 1956 sinki letu lilianza kuziba kila mara. Bi Saleha akaja na mpira wake, akatwanga kwa nguvu zote za Mkwaja, na maji machafu, badala ya kushuka, yakapanda upande wa pili. Yalimkuta mgeni mmoja mwenye suruali nyeupe, ameinama ananawa, akisubiri samaki wake. Aliyemwona anasema alibaki ameshika sabuni kama mtu anayeapishwa.

Mwenye nyumba hakucheka. Alitoa amri kwamba sinki hilo likiziba mara moja tena, chumba kitarudishiwa viazi vyake, na watoto wabaki majumbani. Kwa wengine hilo ni neno dogo. Kwa mama mwenzetu Praxeda na kwa mama Eliudi, yaani mwandishi, ambao hawakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, lilikuwa na maana moja: chumba kikifungwa, kazi imekwisha, na mshahara umekwisha nayo.

Na aliyelaumu sana alikuwa Bwana Manase. Kila alipopita mlangoni alitikisa kichwa. "Nilisema mimi. Uji huo, na mawinda hayo. Watoto wanajaza bomba."

Jumamosi moja, mwenye nyumba akiwa njiani kuja kula chakula cha mchana, sinki likaziba. Maji yakasimama meusi, hayaendi mbele wala nyuma. Praxeda alikaa juu ya ndoo akaanza kulia, na Eliudi, ambaye hakujua kisa, akamsaidia. Bwana Manase akatokea na neno lake lile lile.

"Manase," akasema Bi Saleha huku akipandisha mikono ya gauni, "shika adabu na mwiko wako. Humu hujaitwa."

Akaja msimamizi wetu, Bi Bibiana, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Tulimwamkia shikamoo kwa sauti ya msibani. Akaliangalia sinki, akauangalia mpira. "Bi Saleha, usiguse. Ukitwanga huku yanatokea kule."

Bi Saleha akasimama kimya. Tuliogopa, kwa sababu hatukuwahi kumwona kimya. Kisha akapiga paja. "Yanatokea kule! Ina maana bomba ni moja. Basi kule kukizibwa, yatapita wapi, yasipopita kwenye njia yake? Hapa pana kazi ya watu wawili, kama kinu kimoja na michi miwili."

Akatuangalia. Praxeda alikuwa na mtoto mgongoni. Mwandishi alikuwa na wake kifuani. Bwana Manase alikumbuka ghafla kwamba ana mafuta motoni. Akabaki mtu mmoja tu aliyesimama mikono mitupu.

"Bi Bibiana, mwanangu," akasema Bi Saleha kwa sauti ya asali, "kuna kazi ya heshima inakungoja ng'ambo."

Hatujui mpaka leo kwa nini alikubali. Alichukua winda safi la Eliudi, akalikunja mara nne, akaenda chumba cha kulia, akalisokomeza katika tundu la beseni na kulilalia kwa viganja viwili. Kilichofuata kilisikika mpaka barabarani.

"Umebana?"

"Nimebana!"

"Bana kama unagombana na mke mwenza!"

"Mimi sina mke mwenza, Bi Saleha! Sisi ni Wakatoliki!"

"Basi mwazime wa jirani, mwanangu! Bana!"

Bi Saleha akaanza wimbo wa kutwanga, na kila alipobonyeza huku, kule Bi Bibiana aliitikia, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa kishindo. Ukuta ulitetemeka. Watoto waliacha kulia wakashangaa. Halafu likatoka guno refu chini ya sakafu, Bi Saleha akang'oa mpira kwa mikono miwili akakaa chini matako yote, na sinki likatapika kila kitu lilichokuwa limekimeza.

Lilitapika machicha ya nazi, donge zima. Lilitapika ukoko wa wali. Na juu ya hayo, yaking'aa kama shilingi mpya, magamba ya samaki, pamoja na uti wa mgongo wa samaki changu ulio kamili. Kisha maji yote yakashuka yakiimba.

Bi Saleha akaokota gamba moja, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Mama Eliudi, mwanao ana meno mangapi?"

"Hana hata moja, Bi Saleha."

"Na wa Praxeda?"

"Moja, nalo bado linachomoza."

"Na changu wanakula?"

Tuligeuka sote kwa pamoja, na Bwana Manase, aliyekuwa amerudi kuchungulia, akakuta macho yote yako kwake.

"Labda paka," akasema Bwana Manase.

"Paka huyo ana kofia ya upishi?"

Kumbe sinki la jikoni Bi Bibiana hulikagua kila jioni, na letu hakuna aliyelikagua. Kwa hiyo uchafu ulivushwa kimyakimya, na lawama wakabebeshwa wasiojua kusema. Bi Bibiana alirudi wakati huo huo, gauni limelowa mpaka kiunoni, kilemba kimeangukia sikioni, akaona uti wa changu, akaanza kutoa sauti ya ajabu. Tulimkimbilia na maji tukidhani ni kwikwi. Ilikuwa kicheko. Mwenye nyumba alimkuta hivyo mlangoni, akaelezwa na watu sita kwa mpigo, naye akacheka mpaka akaegemea kamba ya mawinda ikakatika. Amri yake ilifutwa hapo hapo. Chumba kikabaki cha watoto. Bwana Manase alihukumiwa kuwapikia watoto uji kila asubuhi, na tuseme haki, ni uji mzuri, una hiliki, na siku hizi hataki mtu mwingine aukoroge.

Msidhani Bi Saleha ni kicheko kitupu. Ni mkali. Winda lisilosuuzwa nje halivuki mlango wake. Mama anayemnyonyesha mtoto kwa hasira anaambiwa atulie kwanza. Wakati Beatrisi wangu, huyu wa pili, alipokuwa halali usiku, Bi Saleha alinikuta nimesimama kwenye pasi nimefumba macho. Alinigombeza vizuri, akanipokonya mtoto, akanionyesha magunia ya mchele, akaniambia nilale. Nguo zilizobaki alizipiga yeye. Shuka mbili ziliungua, na hakuna aliyethubutu kusema.

Sasa anarudi Pangani, ng'ambo ya kivuko, kwa bintiye Mwatum, ambako anadai atakaa barazani asifanye lolote. Tunawapa pole watu wa Pangani mapema.

Bi Saleha, asante kwa mikono yako, kwa ulimi wako, na kwa kututetea siku tuliyokuwa hatuna la kusema. Mungu akupe afya, wajukuu wenye masikio, na miaka mingi ya kukaa bila haraka. Sote tunakutakia maisha mema huko uendako.

Wageni waalikwa mnaombwa jambo moja: makofi yapigwe polepole, na vigelegele tukavipigie uwanjani. Nyuma ya ukuta huu wa chumba cha kulia watoto wanne wamelala.