Kartoni Inafunga Saa Sita

Kwa Zabibu hakuna alama, kuko banki tu. Ni kiti kirefu chenye bantu waling'oa mu basi moja yenye iliungua, wakakiweka ku kona, fasi njia ya Hewa Bora inakata ile ya kupanda ku soko. Springi yake moja inachoma kila mugeni mpaka ajifunze kuikala pembeni. Zabibu, mujane, mutoto wa bantu ba Maniema, anauzisha hapo kahawa ya tangawizi mu thermos mbili. Mwaka ule Goma ilikuwa imeanguka, sukari ilikuwa inabadilisha bei kila juma, na mu kila nyumba ya Kampemba, huku Lubumbashi, kulikuwa ndugu wa kukimbia vita mwenye kulala ku salon. Lakini Zabibu alikuwa anapima bubaya wa nyakati kwa kitu kimoja: wanaume walikuwa wanakuya ku banki saa mbili ya asubui, na hakuna mwenye alikuwa anaondoka.

Bale ba kila siku walikuwa batatu. Kalaba alichimba shaba ku Ruashi miaka kumi na munane. Wanamwita Teneur, kipimo cha madini, juu hata ndizi haiwezi kuingia mu kinywa chake bila yeye kusema iko na asilimia ngapi. Symphorien ni wa treni, wanamwita Chef de Gare, mukubwa wa stesheni. Gare yake ya mwisho ilikuwa Sakania, na treni yake ya mwisho hakuna mwenye anaikumbuka. Asumani ni fundi wa kushona, Santimeta, mwenye kukupima kwa macho unapopita. Wote batatu walikuwa hawajagusa ordinateur, kompyuta, hata siku moja. Hiyo haikuwazuia kitu.

Saa tano Kambale akafika. Huyu alikuwa grossiste mukubwa ku Goma, muuza wa jumla: sukari, sabuni, mafuta, na wakamupa jina la Papa Kontena, hata kama kontena zake zilibaki kule na zingine zikavunjwa. Akaweka simu ku goti moja na karatasi ku goti lingine.

— Bazee, musaidie. Kasereka, mudogo wangu wa ku Guangzhou, anafunga kartoni saa sita ya hapa kwetu. Mbele ya saa sita niko na lazima ya kumuambia atie bipande gani.

— Bipande bya motokari? Symphorien akauliza.

— Bya ordinateur. Ile ya kuchezea michezo. Ya nguvu, ya bei, yenye muntu anachagula kipande kwa kipande, kisha anaijenga yeye mwenyewe.

— Eh! Papa Kontena unataka kucheza? Kalaba akacheka. Na ile mafuta ya mugongo wanakupakalaka?

— Si mimi. Ni Benita.

Benita walikuwa wanamujua kwa jina, juu kwa sura hakuna mwenye alikuwa amemuona. Ni binti wa Kambale, wa miaka makumi mbili, na tangu familia ifike Lubumbashi hajatoka mu chumba. Ku Goma alikuwa na mashini yake ya kuchezea. Aliijenga yeye mwenyewe ku meza ya kulia, miaka mbili, kila kipande Kasereka alikuwa anamutumia. Siku ya kukimbia, Kambale alimuambia: acha hiyo sanduku, beba muchele. Akabeba muchele. Muchele uliisha Uvira.

— Sasa amesema nini? Zabibu akauliza, na kumimina.

— Kwangu hasemake kitu. Aliambia mama yake. Ameisha kupata kiti mu basi ya siku ya posho, jumamosi. Anapita Zambia, Tanzania, Rwanda, anaingia Goma kwa nyuma, anabeba mashini yake, anarudi.

— Peke yake?

— Peke yake. Na ile nyumba bantu ba bunduki njo banaikala mule. Jirani ameniambia.

Hakuna mwenye alitupa methali hapo, na ku banki ile methali haikosake. Njo Zabibu akajua wameelewa neno ni la kweli.

— Kama leo Kasereka anatia bipande, Kambale akaendelea, anipigie foto ya kartoni, mi naonesha mutoto: angalia, ingine iko njiani, ya nguvu kupita ile. Atabaki. Sasa Kasereka ananiuliza bintu byenye sijui. Mbele ya yote: processeur gani, ile bongo ya mashini?

Symphorien akavua kofia. Ku banki ile hiyo ilikuwa alama ya hatari.

— Musikie. Processeur ni lokomotive. Ile ingine, carte graphique, yenye kuleta picha, ni mabehewa. Ukitia lokomotive kubwa na behewa mbili, unachoma mafuta ya mazutu bule. Ukitia mabehewa makumi ine na lokomotive mulegevu, unalala ku mulima na bantu banashuka kukojoa. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa, Chef, nichukue kubwa ao ndogo?

— Chukua mbili. Moja mbele, moja nyuma. Kilima cha Sakania tulikuwa tunakipanda vile.

Kambale akaandika: processeur, mbili. Kasereka akajibu palepale mu simu: mashini inabeba moja tu. Symphorien akavaa kofia yake.

— Mashini ya kisasa, akasema. Wanajenga bila kuuliza bantu ba kazi.

— Achana na treni, Kalaba akasema. Kazi iko mu carte graphique. Papa Kontena, uko na foto yake? Nioneshe. Mmh. Uzito?

— Kilo mbili kasoro.

— Njo hiyo! Kilo mbili za nini? Za shaba. Ndani kuko mabomba ya shaba ya kupeleka moto inje. Sasa shaba inatoka wapi?

— Ruashi, Asumani akasema, kwa kumuridhisha.

— Ruashi! Pengine ile mi mwenyewe nilibeba ku mugongo. Inaenda Durban, inaenda China, banaiyeyusha, banaitia mu karte. Na sasa inarudi hapa. Weye unazania haitajua? Shaba iko na kumbukumbu, baba. Ikifika ku udongo yake itafanya kazi mara mbili. Kule Guangzhou iko mugeni, inatetemeka. Mugeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo methali umeiokota wapi? Zabibu akamuuliza. Irudishe kwa benyewe.

— Mama Zabibu, hii ni siansi.

— Basi chukua karte ndogo, Asumani akasema. Kama hapa inafanya mara mbili, ndogo inatosha.

Kalaba akakunywa kahawa yake yote mara moja. Hakuwa amefika mbali vile mu siansi.

Kambale alikuwa anaandika. Muntu mwenye alikuwa anashindana bei na Bachina, na Baarabu, na wanajeshi ba barabara, alikuwa anaandika maneno ya Kalaba kama mutoto wa darasa la pili. Zabibu akamuangalia mikono. Kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

— Boîtier, Kambale akasoma. Ile sanduku ya inje. Kasereka anasema kuko ya chuma na kuko ya kioo.

— Kioo? Asumani akasimama, akapima hewa na mikono yake. Ya kioo ni kwa nini?

— Juu waone mataa ya ndani. Nyekundu, bleu, inabadilika.

— Papa Kontena. Mi nashona tangu miaka makumi tatu. Nguo ni ya kuficha. Muntu hashone suruali ya kuonesha matumbo. Kama wametia kioo, ni juu kuko muntu anapashwa kuangalia ndani.

— Nani?

— Weye unaniuliza? Bale benye kuitengeneza. Kutoka kule banaangalia kama muko na nini mu nyumba, munakula nini. Kikulacho kiko mu nguo yako. Agiza ya chuma. Ao agiza ya kioo na mi nitaishonea koti, na kola, na vifungo ine.

— Koti, na itapumua wapi? Symphorien akauliza. Kalaba amesema ile kitu inatoa moto sawa mbabula ya mukaa.

— Kwa moto, Kambale akasema, na akageuza karatasi, Kasereka anasema tuchague: ventilateur za upepo, ao ile ya kupoza na maji.

Maji mu Kampemba ni neno la heshima.

— Maji ya robinet, ya bomba? Kalaba akauliza pole pole.

— Maji tu. Inazunguka mu mipira.

— Na robinet inakuya siku ya pili na siku ya tano ya juma. Siku ingine nani atasukuma bidon za maji? Na maji ya kisima usiitie, iko na chuma, teneur ya juu kabisa, itakuziba mipira yote mu juma moja. 

— Tia maji ya muvua, Symphorien akasema.

— Na kiangazi?

— Kiangazi asicheze. Hata treni tulikuwa tunapumzisha.

— Maji ukiyavulia nguo, sherti uyaoge, Asumani akasema, na hakuna mwenye alijua alikuwa upande gani, hata yeye.

— Na courant? Zabibu akauliza. Tangu siku ya kwanza ya juma tuko mu giza.

— Hiyo nimeisha kumaliza, Mama. Plake sita za jua ku paa, na batri ine za camion. Mashini inakula sawa frigo mbili, lakini itakula.

Alijibu upesi, na akajiona vizuri kidogo, juu hiyo ilikuwa kitu chenye alijua. Batri, plake, camion. Simu ikalia tena. Kasereka aliandika kama imebaki nusu saa, bantu ba kontena wameanza kufunga muzigo, na nyuma ya hii hajui ingine itapata njia lini. Kambale akasoma kwa sauti. Kisha akaangalia karatasi yake: lokomotive, shaba, koti, maji ya muvua.

— Bazee, akasema, mutoto anaenda siku ya posho.

Wakaanza kusema wote pamoja. Symphorien alisema achague kila kitu ya bei ya juu, afunge macho, kama vile wazungu walikuwa wanaagiza rel. Kalaba alisema bei ya juu ni mutego, bipande byote bipimwe ku balance, na kile cha kilo nyingi njo kizuri. Asumani alisema kilo ni ya mihogo, na kama Benita iko mwembamba, mashini nayo iwe nyembamba, muntu na kitu chake wanapashwa kulingana.

Mu makelele hayo mama mumoja akasimama mbele ya banki, na bassin ya mikate ku kichwa. Ilikuwa siku yake ya kwanza ku kona ile. Jina lake Hortense, akasema, na anaomba kahawa moja, na kama anaweza kuikala. Akaikala ku springi. Akaruka. Wanaume wakamusogezea fasi. Alikunywa nusu ya kikombe akiwasikiliza, kichwa kinaenda huku na huku.

— Samahani, bapapa, akasema. Huyu mutoto anachezaka nini?

— Ordinateur, Kalaba akamujibu.

— Nimesikia. Ndani ya ordinateur anachezaka muchezo gani? Juu mutoto wa shangazi yangu anafanya kazi pale wanauzisha hizi bintu mu mujini, kila muntu akiingia wanamuuliza hiyo ya kwanza. Kuko muchezo mudogo, hata mashini ya hivi hivi inatosha. Kuko mukubwa, unaomba mashini ya nguvu.

Wote wakamugeukia Kambale.

— Ya mupira? Hortense akamusaidia.

— Sijui, Kambale akasema.

— Ya motokari?

— Alikuwa anafunga mulango. Mi nilikuwa napita mu koridor naenda kulala, nasikia tu sauti. Anacheka na bantu benye hawako mule. Anaambia muntu: nyuma yako, nyuma yako. Nilikuwa napiga ku mulango na mukono: Benita, zima.

— Nyuma yako, Kalaba akarudilia. Basi ni ya masasi.

— Pengine.

— Na sasa, nyuma ya yote yenye mumepita, Hortense akauliza, hiyo ya masasi angali anaitaka?

Kambale alikunja karatasi mara mbili, mara tatu, mpaka ikakataa. Zabibu alikuwa anamuangalia bila huruma, sawa vile anaangaliaka maziwa ku moto. Miaka makumi mbili mutoto iko mu nyumba yako, akawaza, na mashini ameijenga ku meza yenye unakulia, na unakuja kuuliza muchimbaji na fundi wa kushona.

Simu ikapiga. Safari hii ilikuwa sauti, na banki yote ikasikia Kasereka na makelele ya depot nyuma yake.

— Yaya, wanafunga. Nitie gani?

— Usitie, Kambale akasema.

— Namna gani usitie? Ingine hakuna! Sema tu, nachukua ya katikati, nafunga!

— Sijui anachezaka nini, Kasereka. Mbele nimuulize.

— Kontena haingoje muntu, yaya!

— Basi iende.

Akazima simu. Akasimama, akavuta shati, akashika njia ya Hewa Bora, na miguu ya haraka ya muntu mwenye kuenda ku douane kulipa ushuru. Alipofika ku nguzo ya courant akapunguza. Alipofika ku duka la mukaa akasimama. Kisha wakamuona anageuka, anarudi, mpaka mbele ya thermos.

— Mama Zabibu, akasema kwa sauti ya chini, naanza namna gani?

— Unapiga odi, Zabibu akamuambia. Ku mulango wake. Na usitie mukono ku kitasa. Unangojea.

Kambale akaitika na kichwa, akaenda. Safari hii hakugeuka. Hortense akabeba bassin yake, wanaume wakabaki wanaangalia barabara, hata nyuma ya Kambale kupotea.

— Na Benita asipofungua? Kalaba akauliza.

Zabibu akapindua thermos ya kwanza, akapindua ya pili. Halikutoka hata tone, na wanaume wakabaki palepale ku banki.